Wanzagi na Wenzake

Mwisenge, Musoma
3 Februari 1986

Mpendwa Nyangi,

Salamu kutoka Mwisenge. Sisi ni wazima, aliye mgonjwa ni sukari, hajaonekana madukani tangu Krismasi. Nakala ya jarida la usikivu uliyonitumia nimeipata, na makala yetu nimeisoma. Nasema "yetu" kwa mazoea tu, maana humo ndani sikujiona vizuri.

Kadi nazo zimeanza kuingia katika sanduku la posta la kliniki. Makala imetoa anwani ya Musoma, kwa hiyo wasomi wa nje hawajui kwamba mwenye makala alishapanda ndege kwenda Uingereza. Moja imetoka Polandi, mbili Uhindi, nyingine Brazili. Zote zinaomba nakala, na zote zina jina lako likifuatwa na Kilatini fulani. Nilimpelekea Padre Bernado anisomee. Akavaa miwani, akasema, "Hapa wanasema 'Wanzagi na wenzake.'" Nikamwuliza wenzake ni akina nani. Akasema, "Hawakutajwa, binti yangu. Ndiyo maana wakaitwa wenzake."

Basi ndiye mimi huyo. Tumesoma uganga msaidizi chuo kimoja, tumepima masikio ya watoto shule hadi shule, tumelala Nyamuswa chumba kimoja na kunguni wake, tumesukuma Landrova ya Profesa aliyetuongoza kwenye tope la Bunda, na leo Polandi nzima inanijua kama Na Wenzake. Hata kwa alfabeti, Nyangi, M ya Masatu inaitangulia W ya Wanzagi. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo.

Sikasiriki. Nakupongeza kwa nafasi ya masomo uliyoipata kwa makala hiyo. Kadi ni hizi, nimezifunga pamoja na barua. Stempu nimezibandua nikawapa watoto wa jirani, lakini maneno yote ni yako.

Jumapili nilikuwa Butiama kwa mama yako. Nilimpelekea kipande cha sabuni na sato wa kukausha. Hajambo. Alinilisha mpaka kuinuka ikawa kazi.

Ni mimi,
Dorotea Masatu (na wenzake)


Leeds, Uingereza
9 Machi 1986

Dada Dorotea,

Barua yako imenichekesha, kisha ikanichoma. Majina aliyapanga Profesa. Nilitaka kumwambia neno nikaogopa, maana ndiye aliyeshika kalamu na tiketi ya ndege pia.

Nikueleze huku mambo yanavyokwenda ili usidhani nakula raha. Makala haipimwi kwa uzuri wake, inapimwa kwa wangapi wameitaja katika makala zao. Maktabani kuna vitabu vinene vya kazi hiyo tu. Unatafuta jina lako, unaona nani kakutaja. Yetu imetoka mwaka jana na tayari imetajwa Uswidi na Kanada. Profesa anasema katika jarida lile hakuna iliyoombwa kama hii. Kilichowashika ni watoto wa Murangi, kwamba watoto wa ufukweni husikia vibaya kuliko wa Bunda na Nyamuswa, na kwamba huenda sababu ni kuogelea ziwani. Kuna wafadhili wameisoma wakaunda Mradi wa Masikio, wanakuja huko kwenu na magari. Jarida limefanya hayo, Dorotea. Kazi ya mikono yako nayo imo.

Tafadhali endelea kunitumia kadi. Profesa huzionyesha kwa wakubwa wake.

Mama naye ameniletea barua, kaandikiwa na Mwalimu Clementi, yule katekista. Ukurasa mzima ni Dolotea huyu, Dolotea yule, Dolotea kaniletea sabuni. Unamjua mama na jina lako, nimelisikia hivyo nyumbani tangu tulipokuwa wasichana wa shule. Mstari wa mwisho ndipo ananiuliza kama huku kuna ugali. Nilisoma nikaiweka barua chini ya mto kwa hasira. Wewe una mama yangu, mimi nina Polandi. Sijui nani kapunjika.

Wako,
Nyangi


Mwisenge, Musoma
20 Aprili 1986

Nyangi,

Mradi wako umefika, magari mapya ya buluu, dizeli wanayo wakati sisi tunaikosa. Jambo la kwanza walilofanya Murangi ni kuwakataza watoto kuogelea ziwani. Watoto wanaoga kwenye beseni na ziwa liko pale mlangoni. Kina mama wanachota maji, wanapanda nayo kilima, wanamwosha mtoto, na maji yenyewe yanateremka kurudi ziwani.

Hilo ningelicheka. La pili silicheki. Watoto wote wa ufukweni waliopata alama za chini katika kipimo chetu watachukuliwa mwezi wa saba na kupelekwa shule ya bweni ya viziwi, mkoa mwingine kabisa, safari ya siku mbili. Ursula yumo. Ni yule mtoto wa dada yangu Marcelina, aliyekubebea begi ulipokuwa Murangi. Baba yake, Renatus, amekwisha kukubali. Wanatoa godoro, blanketi, sabuni na madaftari. Kwa hali ya sasa hata mimi ningejifanya kiziwi.

Nikaichukua makala nikaisoma upya. Nikwambie kweli, niliisoma nikitafuta kosa lako. Mtu mwenye wivu husoma hata nukta. Na nimelipata.

Unakumbuka mashine ya kupimia ilivyokosa betri, na betri hazikupatikana nchi nzima. Profesa akaamua tutumie kaseti ya maneno. Mtoto anasikia neno, analitamka, sisi tunaweka alama. Sasa tazama maneno yenyewe: kalamu, kula, mahali, na mengine ya namna hiyo, karibu nusu yake. Watoto wetu wakasema karamu, kura, mahari. Wewe Murangi uliandika kosa. Mimi Bunda na Nyamuswa niliandika sahihi, wala sikujua kama kuna jambo la kuandika. Wewe ulikulia Tanga kwenye mkonge alikokuwa baba yako, ukarudi Butiama umeshafika darasa la nne. Kwako L na R ni watu wawili. Kwetu ni pacha, akiitwa mmoja wanaitika wote.

Hatukupima masikio ya watoto, Nyangi. Tulipima ndimi zao, na zaidi tulipima masikio yangu na yako.

Ursula anajiita Urusura tangu aanze kusema, wala hajapata kushindwa kuitika.

Liandikie jarida kwamba kipimo kilikosewa. Mwandikie na mkubwa wa Mradi. Nilikwenda kwake mwenyewe nikamweleza. Akafungua makala, akaniuliza, "Wewe ni nani humu?" Nikamwonyesha jina langu, la tatu katika orodha. Akasema tungoje neno la Wanzagi. Basi tunalingoja.

Dorotea


Leeds
14 Mei 1986

Dorotea,

Hatimaye umekipata ulichokuwa unakitafuta.

Kanuni iliandikwa, na wewe ulipewa karatasi yako kama mimi: neno lisilofanana na la kwenye kaseti ni kosa. Mimi niliifuata. Aliyeivunja ni wewe, uliyewapa watoto wa Nyamuswa alama za bure kwa kuwa sikio lako halitofautishi. Sasa kosa lako umelivika gauni langu.

Mwezi wa tisa nimealikwa kuisoma makala hii mbele ya mkutano wa wasomi wa masikio. Masomo yangu kuongezwa au kukatwa kunategemea siku hiyo. Nisimame niwaambie nini? Kwamba Uswidi na Kanada wametaja karamu na kura?

Najiuliza jambo moja. Makala ilitoka mwaka jana. Ulikuwa nayo rasimu. Hukuona lolote, ukanyamaza. Zilipoanza kuja kadi za jina langu ndipo macho yakafunguka. Huo si utafiti, dada, huo ni wivu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nimevaa tangu shule.

Kwa mama yangu usiende tena kwa ajili yangu. Ukienda, uende kwa ajili yako.

N. Wanzagi


Murangi
1 Juni 1986

Nyangi,

Wivu ninao. Sikuuficha tangu kadi ya kwanza. Nilipoona stempu ya Polandi nilitamani kadi ile iwe bili ya deni lako. Nimekuonea wivu kwa ndege, kwa maktaba, kwa jina lako kutajwa na watu wasiojua hata Mara iko wapi. Hata rasimu sikuisoma vizuri kwa sababu ya wivu, nililiona jina lako mbele nikaifunga. Yote hayo ni kweli na unaweza kuyasoma mbele ya mkutano wako.

Lakini Ursula anasikia. Wivu wangu haukumpa masikio, anayo mwenyewe.

Nimekuja Murangi nikampima bila kumtaka aseme neno. Nilisimama nyuma ya ghala nimejifunika mdomo kwa khanga, nikanong'ona aniletee kalamu iliyo juu ya mtungi. Akaileta. Nikanong'ona tena kwamba sufuriani kuna sato aende kula, na hilo halikuhitaji kurudiwa. Injini ya mtumbwi wa mvuvi Nyamhanga huisikia kabla sisi hatujaiona. Nimewapima na wenzake hivyo hivyo. Mtoto wa Mbuke hasikii kweli, na wengine wawili. Hao waende, na blanketi zao wapate. Waliobaki wote wanasikia kama mimi na wewe.

Ursula amejua kwa nini anapelekwa. Hakuna aliyemwambia, amesikia watu wakiongea, na hapo napo ungeweza kumpa alama. Aliniuliza, "Mama mdogo, nikijifunza kusema vizuri nitabaki?" Tangu hapo anakaa juu ya jiwe kando ya ziwa alilokatazwa, anasema la, ra, la, ra, mpaka ulimi unachoka. Zote zinatoka sawa. Mimi nilifundishwa kwa fimbo na masista mpaka nikaweza kuziandika. Kuzisikia, sijui kama nimeweza mpaka leo.

Lori linakuja katikati ya mwezi wa saba. Sitakuomba mara ya tatu. Kadi nitaendelea kukutumia.

Dorotea


Butiama
8 Juni 1986

Mwanangu Nyangi,

Ni mama yako. Anayeandika ni Clementi, nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitengeneze.

Huku mvua ilikuwaga nzuri lakini mtama umeliwa na ndege. Ng'ombe yule mwenye baka amezaa. Dolotea alikuja Ijumaa, hakukaa, hakutaka kura. Yeye ambaye anakuraga ugari wangu mpaka nachekaga. Nikamwambia wewe Dolotea una nini, akasema hana kitu. Nikamwuliza mmegombana na Nyangi, akasema Nyangi ana akiri sana, hana muda wa kugombana. Akafagia nyumba yangu yote halafu akaenda.

Mimi nikamwuliza dereva wa basi wa Murangi, hao ndio wanajuaga kila kitu. Ameniambia kuna watoto wanachukuliwa ni viziwi, na kwamba ukiwaambia waseme kula wanasema kura, basi ndio ukiziwi huo. Kwamba ni wewe umeandika.

Clementi anasema nimelisema neno hilo namna moja mara zote mbili. Ameandika mwenyewe namna mbili.

Sasa nakuuliza, na unijibu. Nilikuwa nakuita uje kura tangu ukiwa mdogo, ukawa unakuja mbio. Ulikuwa unakuja kwa kiziwi?

Nyumbani wote wazima.

Mama yako, Wegesa


SIMU YA MAANDISHI
LEEDS 2 JULAI 1986
KWA DOROTEA MASATU KLINIKI YA MASIKIO MUSOMA

URSULA ASIPANDE LORI. MRADI WAMEPEWA HABARI NA MIMI. BARUA KWA JARIDA IMEKWENDA. MWAMBIE MAMA NINAKUJA KULA. WANZAGI


Mwisenge, Musoma
27 Julai 1986

Dada Nyangi,

Simu yako ililetwa na Alfonce wa posta mwenyewe, kwa baiskeli, akidhani ni msiba. Niliposoma nikakaa chini palepale barazani, akazidi kuamini ni msiba.

Lori lilikuja. Walipanda mtoto wa Mbuke na wale wawili, na mkubwa wa Mradi alisoma majina yao kwenye karatasi mpya yenye jina lako chini. Waliobaki wakarudishwa madarasani. Mwalimu mkuu hakutangaza lolote kuhusu kuogelea, ila siku ya pili yake mwanawe alionekana majini, na wote wakamfuata. Ursula aliingia na sare ya shule. Dada yangu alimchapa, kisha akamkumbatia, kisha akamchapa tena kwa sababu sabuni ya kufulia hakuna.

Shemeji yangu Renatus haniamkii. Anasema nimemnyang'anya blanketi. Nimempa langu, amelipokea, na bado haniamkii.

Mama yako nimempa ujumbe. Akasema, "Aje. Nimepika." Nilimwambia ni ujumbe wa baadaye. Akasema chakula hakijui baadaye, nikale mimi. Nilikula.

Sasa lipo jambo nataka ulijue. Nilidhani wivu utaniisha. Umehama tu. Nakaa najiuliza, ingekuwa ni mimi niliyetajwa Uswidi na Kanada, na wewe ndiwe Na Wenzake uliyeniandikia nijivunje mwenyewe, ningetuma ile simu? Kila nikijijibu, jibu silipendi. Hapo ndipo ninapokuonea wivu kuliko kwa ndege.

Kadi zimekuja nyingine. Nimeziacha na stempu zake.

Wako,
Dorotea


Leeds
18 Januari 1987

Dada Dorotea,

Nimechelewa kwa kuwa nilitaka nikwambie yote kwa pamoja.

Mkutanoni nilisimama nikasoma makala kwa dakika chache, kisha nikaiweka chini nikawaeleza kaseti ya Profesa na L na R zetu. Halafu mzee mmoja wa Ufini akacheka, akasema kwao pia kuna mambo kama hayo. Profesa hakucheka. Tangu siku hiyo tunaonana kwenye ngazi tu. Masomo yangu hayakuongezwa. Narudi mwezi wa nne.

Jarida limechapa sahihisho letu, ukurasa mmoja, nimekutumia nakala kwa posta ya meli. Safari hii Profesa hakutaka jina lake liwemo, kwa hiyo fomu ya majina nimeijaza mwenyewe, kwa mkono wangu: wewe kwanza, mimi wa pili. Tuko wawili tu, hakuna Kilatini.

Usitarajie makubwa. Nimekwenda maktabani kutazama kile kitabu kinene. Makala ya kosa bado inatajwa. Sahihisho halijatajwa na mtu. Uongo ulipanda ndege na ukweli umepanda meli. Nilirudi chumbani nikalia, na nilipomaliza nikagundua silii kwa ajili ya masomo. Nilikuwa naona wivu, Dorotea. Nilikuwa na wivu kwamba wewe ndiye uliyeliona. Nilikuwa pale Murangi, watoto wale walikuwa mbele yangu wakisema lugha ya mama yangu, na mimi nikawakata alama nikijiona mwerevu.

Mwambie mama apike kweli safari hii.

Nyangi


Mwisenge, Musoma
15 Machi 1987

Nyangi,

Jarida limefika. Madukani siku hizi vitu vimerudi, sabuni ipo ya rangi tatu, tatizo ni bei, tunaitazama tu kama picha. Kwa hiyo nimeona nilisherehekee jarida kwa namna yangu. Nilivaa gauni la Pasaka, nikalipeleka kwa Padre Bernado ili nilifungue mbele ya shahidi.

Jina langu liko mbele. Nilitoa machozi kidogo, sikatai. Halafu Padre akasogeza miwani, akasema, "Binti yangu, huyu ni nani?"

Nikasoma vizuri. "Dolotea Masatu." Kwa L, Nyangi. Katika jarida linalosomwa Polandi, Uhindi na Brazili, katika ukurasa unaoeleza L na R.

Nilitaka kumlaumu mpiga chapa. Nikakumbuka barua yako, kwamba fomu uliijaza kwa mkono wako mwenyewe. Wewe, mwenye sikio la Tanga. Wewe uliyewakata alama watoto wa Murangi kwa herufi hii hii. Nilikaa siku mbili nimekasirika, nikisema ni wivu, hata nafasi moja ya jina langu hakuniachia. Barua ya matusi niliianza. Ilikuwa nzuri.

Siku ya tatu nikalichukua jarida nikaenda nalo Butiama nikuchongee kwa mama yako. Clementi alikuwepo, akamsomea kwa sauti lilivyoandikwa. Mama akafurahi, akapiga mapaja. "Dolotea! Sasa hawa Wazungu wamekuandika vizuri. Wengine huwaga wanakosea." Nikamtazama, nikaelewa ulipokuwa unaandika ulikuwa unasikia sauti ya nani. Barua ya matusi nimeichoma jikoni kwake, ugali ukaivia hapo.

Ukifika usiombe radhi. Na usiwaandikie jaridani warekebishe, maana sahihisho la sahihisho litatumaliza.

Jana Alfonce wa posta alinisimamisha njiani. Ana kadi kutoka Uhindi, mtu anaomba nakala ya ule ukurasa mmoja. Alikuwa anataka kuirudisha ilikotoka kwa sababu hamfahamu mwenye jina. Akaniuliza kama hapo kliniki tuna mtu anaitwa Dakta Dolotea Masatu.

Nikaitika.

Dolotea (na mwenzake)